Nimeonyesha ndevu zangu mtandaoni, mama anataka nifute

Admin, naomba ufiche jina langu. Sijifichi mimi, namfichia mama yangu.

Nina miaka 21, nasoma chuo mwaka wa pili hapa Mbeya, kwetu ni Iringa, kijiji kimoja upande wa Tosamaganga. Mimi ni msichana na ninaota ndevu. Sisemi vinyweleo viwili vitatu, nasema ndevu, kidevuni mpaka shingoni. Zilianza nikiwa kidato cha pili. Mama ndiye aliyeziona kwanza. Aliniita jikoni, akafunga mlango, akanipa wembe na kunionyesha jinsi ya kuvuta ngozi nisijikate. Akasema, "Hata mimi ninazo. Baba yako hajui na hatajua. Unanyoa kabla watu hawajaamka, basi."

Nikaishi hivyo miaka sita. Hosteli naamka alfajiri kabla ya wenzangu, nanyoa bafuni kwa kupapasa, shingo imejaa vipele, darasani navaa barakoa nasingizia mafua. Kuna kaka alinipenda kwa dhati nikamkimbia, kwa kuogopa tu asije akanishika kidevu.

Mwaka jana mwenzangu wa chumbani alinionyesha katuni moja, ya binti wa miaka kumi na tano ambaye huota manyoya ya ndege mikononi na shingoni. Kila asubuhi anayanyonyoa ili afanane na wenzake, na kila akitaka kwenda kuokoa watu hawezi kuruka, anaanguka. Kuna siku anaamua kuyaacha. Anaingia nayo darasani, wanamcheka, yeye anakaa kwenye dawati lake, anatoa daftari. Siku hiyo hiyo mto unafurika na anaruka. Watu wanapenda pale anaporuka. Mimi nilirudia pale anapotoa daftari mpaka bando likaisha.

Kipindi hicho kulikuwa na wimbo wa dada mmoja wa bongo fleva unapigwa kila kona ya Mwanjelwa, anaimba kwamba amechoka kuomba ruhusa ya kuonekana. Nikachukua kile kipande cha darasani nikakiwekea huo wimbo, kiitikio kinaingia pale pale binti anapokaa. Nilikaa siku kumi bila kunyoa. Mwisho wa video nikajiweka mimi, kidevu wazi, naangalia kamera, sisemi kitu. Nikaipandisha.

Nimetukanwa sana, wapo walioniita beberu. Lakini wasichana wameniandikia kwa siri kutoka Rujewa, Makongolosi, mpaka Njombe. Mmoja alisema, "Dada, nilijua niko peke yangu duniani." Hospitali nilienda pia, wakanipima, wakasema ni homoni na sina ugonjwa wa kunizuia kuishi. Barakoa nikaitupa. Mkiniona mjini nanunua parachichi na ndevu zangu, ndiyo mimi.

Kisha mama akapiga simu. Hakunisalimia. "Wanawake wa jumuiya ya kanisani wamenionyesha hiyo video. Sasa wananiangalia kidevu, mmoja ameniuliza umerithi kwa nani. Miaka ishirini na tatu namficha baba yako, wewe umenivua nguo kwa dakika moja. Ifute, la sivyo Pasaka usije hapa."

Nikamwambia, "Mama, mimi sikukutaja."

Akasema, "Uso wako ndio umenitaja." Akakata.

Siku ya tatu akapiga baba, alikuwa shambani. Baba yangu si mtu wa maneno mengi. Akanisalimia kwa Kihehe, "Kamwene, mwanangu. Video nimeiona. Usifute." Kisha akasema, "Ya mama yako nayajua tangu mwaka tulipooana. Akiamka kunyoa najifanya nimelala mpaka arudi."

Nikamuuliza kwa nini hajawahi kumwambia.

"Aliona aibu, nikaona nimheshimu. Sasa miaka imepita, nikisema leo ataona nimemdanganya maisha yote. Na wewe usimwambie."

Ndugu zangu, video sifuti, hilo siwaombi ushauri. Wembe pia sishiki tena, mtukane mpaka mchoke. Kinachoniumiza ni mama, anaamka gizani kila siku kumficha mtu ambaye yuko macho. Nikimwambia, nimevunja neno la baba na labda nitamvunja mama moyo. Nikinyamaza, nitakuwa na mimi nimejiunga kumtazama akijificha bure, mimi ambaye nimekataa kujificha.

Pasaka imebaki wiki tatu na nyumbani nitaenda, na uso wangu huu huu, hata akinifungia mlango nitakaa uwanjani. Kwa hiyo nishaurini, hasa nyinyi mama zangu mlio kwenye ndoa. Ingekuwa wewe, ungependa mwanao akuambie?