Salamu Ambayo Sikuisubiri

Siku hiyo ilianza kwa mzaha. Tulikuwa katika ua wa ofisi yetu ndogo mjini Isiolo, mimi na Guyo, tukijizoeza kufunga vidonda. Yeye alikuwa amenyoosha mguu juu ya benchi, mimi nazungusha bandeji.

"Mutwiri, mimi si kibunda cha miraa," alisema. "Nyinyi Wameru mkishika kamba hamwachi."

"Nikilegeza utavuja damu mpaka Sericho."

"Afadhali. Huko wamekosa hata maji."

Tulikuwa watu wa kujitolea katika kikosi cha huduma ya kwanza. Mimi nilizaliwa Bulla Pesa, baba yangu akiuza miraa. Guyo alikuwa Mborana wa Biliqo, amehamia mjini na mkewe Talaso. Yeye ndiye aliyekuwa dereva na mkalimani. Tulikuwa na gari moja, machela moja na mkoba mmoja wa dawa.

Karibu saa nne asubuhi simu ikaita. Wafugaji walikuwa wamepigania kisima karibu na Biliqo. Wavamizi walishaondoka na ngamia, lakini mtu mmoja alipigwa risasi ya mguu na damu ilikuwa haikatiki.

Tulipopita Archers Post na kuacha lami, Guyo alinieleza tutakavyofanya.

"Gari tunaliacha mbali. Natangulia kwa miguu, nawasalimu. Wewe usisogee mpaka wamalize kunijibu. Umesikia?"

"Nimesikia."

Salamu ya Waborana ni ndefu. Unauliza amani ya watu, ya mifugo, ya malisho, ya maji, na kila swali linajibiwa. Mgeni mwema hana haraka. Anayeruka salamu amekuja na jambo lingine. Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni. Lakini katika mafunzo yetu tulikuwa tumeambiwa pia kwamba mtu anayevuja damu ana dakika chache tu, na hakuna aliyetuonyesha namna ya kuyabeba yote mawili.

Kisimani kulikuwa na walinzi watatu wenye bunduki, wamejikunyata nyuma ya birika la kunyweshea mifugo. Majeruhi alilala pembeni. Jina lake, nilikuja kujua baadaye, lilikuwa Wario. Guyo aliinua mikono akaanza kusalimu. Mmoja wao akaanza kujibu.

Niliona mchanga chini ya mguu wa Wario ukigeuka mweusi.

Guyo alikuwa amemaliza kuulizia watu. Alikuwa hajafika kwa mifugo.

Nikakimbia.

Mkoba nilikuwa nimeukumbatia kifuani. Walinzi wale hawakuwahi kuniona maishani.

"Huyu ni wangu!" Guyo alipiga kelele kwa Kiborana, akaruka mbele yangu.

Risasi ilikuwa moja.

Aliyefyatua ndiye aliyekuwa akijibu salamu. Alitupa bunduki chini, akaja akipiga magoti, akiita jina la Guyo mara nyingi.

Risasi ilikuwa imeingia chini ya mbavu. Mkobani nilikuwa na vifaa vya mikono na miguu. Vya tumbo havikuwemo, ila pamba na vitambaa. Guyo alinisukuma kwa kiganja.

"Anza na yeye. Ndiye aliyeitiwa gari."

Nikamfunga Wario mguu. Damu ikakatika. Nikamrudia Guyo, nikakandamiza kidonda kwa mikono yote miwili, nikawaambia wale watu tuwapakie wote wawili twende.

"Nani ataendesha?" Guyo akauliza.

Mimi sikujua kuendesha gari. Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza, wala mimi sikusema. Wale walinzi pia hawakujua. Mmoja wao alichukua pikipiki yao akaenda kutafuta kilima chenye mtandao, aite gari kutoka Merti.

Tulisubiri. Gari letu lilisimama pale pale, funguo ndani.

Guyo aliongea kidogo. Alisema kuna joto. Alisema Talaso asiambiwe kwa simu.

Gari la Merti lilifika jua likiwa limeanza kushuka. Lilimbeba Wario akiwa hai.

Ofisini waliniambia pole, wakanipa mkoba mpya. Talaso akaambiwa mumewe alikuwa mtu wa kujitolea, na kwa watu wa kujitolea hakuna utaratibu wa fidia. Kwa wiki kadhaa jina la Guyo lilibaki ubaoni karibu na langu, zamu ya pamoja. Nikaenda Marsabit, nikaenda Moyale, Maralal, Garissa. Nimefanya kazi za kila aina. Kila mji nilioingia nilijifunza njia ya kutokea kwanza. Nilijifunza pia kuendesha gari.

Mwaka huu nilirudi Isiolo nikasikia kuna mkutano kuhusu kujiandaa kwa dharura. Nilisimama nikasema mambo matatu. Kila mtu wa kikosi ajue kuendesha. Mwenyeji atangulie, na muda wa salamu uhesabiwe ndani ya kazi. Familia za wanaojitolea ziwe na bima. Mwendesha mkutano aliandika yote chini ya "Mengineyo", akatukaribisha chai.

Sikunywa. Nilienda Bulla Pesa kwa Talaso, ambaye anauza maziwa ya ngamia karibu na msikiti.

"Salaam aleikum, shemeji."

"Aleikum salaam. Umekonda, Mutwiri. Huko unakozunguka hakuna chakula?"

Alinimiminia kikombe. Nikamweleza yote, na kwamba ni mimi niliyekimbia. Kumbe alikuwa anajua. Yule aliyefyatua alikuja na wazee wake kumwomba msamaha, miaka mingi iliyopita.

"Ungesubiri Guyo amalize," aliuliza, "yule wa kisimani angekufa?"

Ni swali ambalo nimetembea nalo kaskazini yote.

"Sijui, shemeji."

Alifunika mtungi wa maziwa, akakaa.

"Watu wengi walikuja hapa," alisema. "Wote walikuwa wanajua jibu."

Hakusema amenisamehe, nami sikuomba. Wateja walikuja, akawahudumia. Nilikaa kwenye kigoda chake mpaka akafunga, na kwa mara ya kwanza tangu niondoke Isiolo sikuwa nikitafuta pa kwenda.