Kichwa Changu Kilipogonga Kalavati

Mimi naitwa Zuhura, mchuuzi wa samaki wa Somanga, na ninayasema haya nikiwa na akili zangu zote. Nasema hivyo makusudi. Wapo waliokuja kunitazama hospitali, wakarudi mtaani wakasema nimekwisha. Nawasalimu hao kwanza.

Kabla ya ajali nilikuwa najulikana kuanzia kwetu mpaka vijiji vya njia ya Kinjumbi. Asubuhi nashuka pwani, nachagua samaki, changu na vibua, nafunga tenga kwenye keria ya baiskeli, naondoka. Wanawake wanaouza samaki kwetu ni wengi, ila wengi wanakaanga na kuuza pale mabasi yanaposimama. Wa kupanda baiskeli na tenga nyuma hadi kwa wakulima wa ndani nilikuwa peke yangu, katikati ya wanaume. Nililijua hilo na nililipenda.

Helmeti niliipata mnadani, kwenye mitumba. Nyeupe, ya baiskeli, na mikanda yake mizima. Niliinunua kwa sababu lazima nipite kwenye lami kabla sijakata kuingia njia ya vumbi, na lami yetu ina malori. Siku ya kwanza niliyoivaa juu ya ushungi, pwani nzima ilisimama. "Zuhura, elementi ya nini, unakwenda vitani?" Mume wangu Bakari, ambaye ni mkulima wa korosho, alisema jua la huku litanichemsha ubongo. Mdogo wake, Hamisi, naye anachuuza samaki kwa baiskeli kama mimi, alikuwa na hoja nzito kidogo. Aliniambia, "Shemeji, dereva akikuona umevaa hiyo anadhani huumii. Atakupita karibu zaidi."

Nikamjibu, "Basi na apite karibu na kichwa kilichofunikwa."

Siku yenyewe jua lilikuwa limeshapanda. Nilikuwa pembeni kabisa mwa lami. Lori lilikuwa linakuja mbele yangu, na basi likachomoka nyuma yake ili lilipite. Basi likawa upande wangu. Nikakata kushoto. Pale ukingo wa lami umemeguka, kuna shimo lenye kina cha kuanzia vidole mpaka kiwiko. Gurudumu la mbele likatumbukia, tenga likanisukuma kwa nyuma, nikaruka juu ya usukani. Nakumbuka samaki wakimwagika. Zege la kalavati la mtaroni, nililogonga kwa kichwa, silikumbuka. Hilo nilihadithiwa.

Hamisi alikuwa nyuma yangu na mzigo wake. Yeye ndiye aliyenitoa mtaroni. Anasema nilikuwa nimefumbua macho lakini nauliza jambo moja tu, tena na tena: "Leo nimeuza?" Nikatapika juu ya miguu yake. Shavu la kushoto lilikuwa limechubuka, nyama inaonekana, mchanga umeingia ndani. Bega limeshuka. Damu ilinitoka puani, ikakauka mdomoni. Alisimamisha gari dogo, akaniingiza, akanilaza kichwa kwenye mapaja yake mpaka hospitali. Baiskeli yake na samaki wake wote aliviacha barabarani.

Nilipopata fahamu sawasawa, daktari kijana alikuwa amesimama kando ya kitanda ameshika helmeti yangu. Ilikuwa imepasuka kuanzia mbele mpaka karibu na sikio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina nini?"

"Mtulinga wa kushoto, huu mfupa wa kati ya shingo na bega, umevunjika. Na ubongo umetikisika. Fuvu ni zima."

Bakari, aliyekuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, akauliza, "Daktari, bila hiyo kofia angekufa?"

Yule kijana hakutaka kutufurahisha. Alisema, "Hilo siwezi kuapa, baba. Ninachokiona ni kwamba hapa palipopasuka ndipo paji lake lingegonga. Helmeti haizuii kila kitu. Ubongo unaweza kutikisika hata ukiivaa. Lakini fuvu lililopasuka ni habari nyingine."

Nilimheshimu kwa jibu lile. Mpaka leo namwombea dua.

Nilirudi nyumbani mkono umefungwa kifuani. Nilidhani mfupa ndio utakaonitesa. La. Mfupa uliuma, ukaunga. Kilichonitesa ni kichwa. Nikiinuka, nyumba inazunguka. Mwanga unanichoma macho. Nilikuwa namtazama binti yangu Asha na jina lake silipati, naita "wewe, wewe," naye anajikaza asilie mbele yangu. Sikioni kulikuwa na mlio kama wa mbu asiyeondoka.

Halafu ikaja siku ya wali. Asha alikuwa ametoka, mimi nimekaa karibu na jiko. Alirudi mbio akipiga kelele, "Mama! Chungu kinaungua!" Nikageuka. Moshi ulikuwa umejaa jikoni, wali umekuwa mkaa, na mimi sikusikia harufu yoyote. Bakari akaenda kuniletea kibua, akakiweka puani kwangu. Hakuna. Akaniletea kilichooza, ambacho Asha alikimbia. Hakuna.

Hapo ndipo nilipolia. Mchuuzi wa samaki asiyesikia harufu atauza nini? Wateja wangu walikuwa wananunua bila kufunua mashavu ya samaki, kwa sababu wanajua Zuhura ameshanusa. Daktari aliniambia inaweza kurudi, inaweza isirudi.

Watu walikuja kunijulia hali, na kila mmoja alikuja na helmeti mdomoni. Huyu anasema, "Umeona? Umevaa na bado umeumia." Yule anasema, "Asingevaa tungekuwa tumeshamsomea hitima." Walibishana mkekani kwangu wakasahau kwamba mgonjwa ni mimi. Bakari alinyamaza siku zile zote. Siku moja aliwakatiza: "Jamani, mimi niliipinga ile kofia. Sasa mke wangu yuko hapa, ananigombeza kuhusu chumvi. Mimi nimeshanyamaza. Nyamazeni na nyinyi."

Nikaanza kujifunza upya. Nilimwagiza Hamisi aniletee samaki wabichi na waliolala, nikawachanganya, nikawatenga kwa macho na vidole. Jicho la samaki mzuri limejaa na linang'aa. Nyama ukiibonyeza inarudi. Mashavu ni mekundu, hayana utelezi mzito. Asha alikuwa ndiye pua yangu, ananihukumu. Mwanzoni nilikosea sana. Baadaye sikukosea.

Baiskeli niliianzia kwenye uwanja wa mpira, sina tenga, Bakari ameshika keria kama anafundisha mtoto. Nilianguka mara nyingi, na niliinuka kila mara nikiwa nimekasirika. Hasira zilinisaidia kuliko dawa. Kizunguzungu kiliisha taratibu. Hofu ndiyo ilichelewa. Nikisikia lori kwa mbali, nashuka baiskeli mpaka lipite.

Harufu ilirudi bila kupiga hodi. Bakari alirudi kutoka kupalilia shambani, akainama kuchukua maji mtungini. Nikashtuka. Nikasema, "Mume wangu, unanuka jasho."

Akageuka. "Unasemaje?"

"Nasema unanuka. Nenda kaoge."

"Alhamdulillahi!" Alinikumbatia vile vile na jasho lake, akicheka, machozi yanamtoka, na mimi nikavuta pumzi kama mtu anayekula. Si harufu zote zilizorudi. Nazi mpaka leo siisikii. Samaki namsikia.

Wakati huo mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameitisha mkutano. Alitaka ipitishwe kwamba mwenye baiskeli asiyevaa helmeti asipakie samaki pwani. Alinialika niseme, na nilijua anategemea niseme nini. Hamisi alisimama kabla yangu, amekasirika. "Wengine hata viatu hatuna. Mkituzuia, watoto watakula helmeti?" Watu wakapiga makofi.

Nikasimama. Nilikuwa na kovu shavuni na sikulifunika.

"Mwenyekiti, shikamoo. Mimi nimevaa, nimegonga, nimepona. Nitaivaa mpaka nizeeke, na anayenipenda namwambia avae. Lakini usimzuie mtu kazi. Aliyenitoa mtaroni ni Hamisi, na Hamisi hakuwa na helmeti. Kama siku ile ungekuwa umeshamfukuza pwani, nani angeniokota? Na mbona hatusemi ule ukingo wa lami? Mbona hatusemi mabasi? Helmeti yangu haikunitupa kwenye shimo."

Ikaanza minong'ono, halafu mabishano ya kweli. Katazo halikupita. Lililopita ni kwamba tukajaze kifusi pale kalavatini wenyewe, huku uongozi ukiwafuata wanaohusika na barabara. Tulikwenda, wanaume kwa wanawake, na majembe na ndoo. Nilibeba ndoo zangu kwa mkono wa kulia. Baada ya siku hiyo wachuuzi walianza kunijia kimya kimya, mmoja mmoja, kuniuliza helmeti inafungwaje.

Nawaambia na nyinyi. Mkanda ubane chini ya kidevu, kidole kimoja tu kiingie. Kina mama, ushungi ulale bapa, fundo lisiwe chini ya helmeti. Iliyopasuka usiivae tena, hata kama unaona haya kuitupa. Ukitapika baada ya kugonga kichwa, nenda hospitali, usingoje upate nafuu. Na anayekucheka, mwache acheke, wewe kanyaga pedeli.

Namshukuru Mwenyezi Mungu. Namshukuru Hamisi, Bakari na Asha, na yule daktari aliyenipa ukweli.

Siku niliyorudi kazini nilipita lami na helmeti mpya, nikakata kuingia njia ya vumbi. Kuna kilima pale ambacho wanaume hushuka wakasukuma. Nilikipanda nimekaa kwenye kiti, tenga limejaa, jasho linaingia machoni. Juu kuna nyumba ya mteja wangu, Mama Tatu. Alikuwa anapepeta mahindi. Alipoinua kichwa, ungo ulimtoka mikononi.

"Zuhura! Si walisema umekufa?"

"Walikosea, dada. Lete sufuria."