Meza ya Kuchagulia Kahawa

Nikipita barabara ya Mururu msimu wa kahawa, harufu ya maganda mabichi hunishika kooni, nami husimama kidogo. Pale kwenye kituo cha kuoshea kahawa ndipo nilipokaa na wanawake wenzangu kwenye meza moja ndefu, tukitenga punje nzuri na mbovu. Wengi tulikulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili chetu kilikuwa cha huko. Tuliimba nyimbo za kwaya, tukataniana, tukasengenya waume zetu mpaka machozi yakatutoka. Nimefanya kazi nyingine baadaye, lakini raha ile sijaiona tena.

Kazi ilipimwa kwa kikapu, na meza ile ilikuwa na desturi yake. Mwenye mimba, au mwenye mgonjwa nyumbani, majirani walimsukumia punje safi mpaka kikapu chake kijae. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyeshukuru. Mkono ulipita tu.

Jirani yangu wa kushoto alipojifungua, msimamizi wetu, mwanamke kama sisi, alimwambia asirudi. Ati tangu apate mimba kazi imemshinda. Tukashuka na mwenzetu mjini Kamembe kwa mkaguzi wa kazi, sote tumevaa vitenge vya kanisani. Mkaguzi akamwita msimamizi, kisha akatuuliza kama ni kweli mwenzetu alishindwa. Mama mmoja, kwa mapenzi yake yote, akajibu: "Hapana, Papa! Kikapo yake ilikuwa inajaa kila siku. Shiye njo tulikuwa tunamujazia!"

Nilimwona msimamizi akitabasamu, maana tumekiri wenyewe kwamba kikapu hakukijaza peke yake, damu ikanichemka. Wema wetu ndio aliotaka kutuchapia! Naye alianzia kazi mezani petu, kabla hajapewa cheo. Nikasimama bila kuitwa.

"Na weye, Maman, wakati ulikuwa na mimba ya mutoto yako ya kwanza, nani alikuwa anakujazia? Haikuwa miye? Nani alikufukuza?"

Tabasamu likamtoka. Mwenzetu akarudishwa kazini.

Mimi nilikuwa nimejichongea. Hazikupita siku nyingi nikahamishiwa kwenye vichanja vya kuanikia, huko chini mteremkoni, peke yangu. Wenzangu walikatazwa kunisemesha. Nikianika kahawa niliwasikia wakiimba bila sauti ya pili, kwa sababu sauti ya pili ilikuwa yangu. Nakiri, niliumia kuliko kama ningefukuzwa.

Nikarudi kwa mkaguzi, safari hii kwa ajili yangu: naadhibiwa kwa kumtetea mwenzangu. Alijaribu kutupatanisha, akashindwa, tukafika mahakamani. Hakimu akaniuliza ninachodai. Nikamwambia nataka mahali pangu mezani. Akaniangalia sana, kisha akaandika.

Nilishinda. Asubuhi ya kurudi nilibeba maandazi ya meza nzima. Nikakuta fundi ameshapita: kila mwanamke alikuwa amepigiliwa ubao huku na huku, ili mkono usipite. Hukumu ilisema nirudishwe mahali pangu, na msimamizi aliitii, palikuwa palepale. Akasimama nyuma yetu, mikono kifuani. Nikaketi nikitamani kulia. Hakuna aliyeimba.

Kisha nikainua andazi juu ya ubao wa kushoto. Jirani yangu, yule aliyeambiwa kazi imemshinda, akanyoosha mkono kulipokea. Mkono wake haukuja mtupu. Ulikuja umefumba konzi ya punje safi, akazimwaga kikapuni mwangu, msimamizi akiangalia.