Na Bakuli la Mama Hadi Kuta za Mvuleni

Mama alipofariki, mimi na dada yangu Rukia tuligawana vitu vyake bila kugombana. Yeye alichukua cherehani, mimi nikachukua kanga na kitanda. Kilichobaki ni bakuli moja la kauri, jeupe, lenye maua ya buluu na pengo dogo ukingoni. Hakuna aliyeligusa, kwa sababu halikuwa letu. Lilikuwa la Bi Kazija wa Mvuleni, shoga yake mama tangu utotoni.

Mama alizaliwa Kidoti, kaskazini ya Unguja, na Mvuleni ni kijiji cha jirani. Aliolewa mjini, Mlandege, na akafia Mlandege. Uzee ulipowashika yeye na shoga yake waliacha kutembeleana, lakini bakuli lao halikuacha. Mama alilijaza halua akampa mtu anayekwenda kaskazini. Miezi ikapita, bakuli likarudi na pweza mkavu. Mama akalijaza tende, likarudi na ndizi. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, na mama alikuwa mkali sana kwa jambo hilo. Kwa hiyo safari za bakuli hazikuwa na mwisho, na mimi utotoni niliamini kwamba Mvuleni ni pahala panapotengenezwa pweza.

Mauti yalimkuta mama bakuli likiwa kwetu. Baada ya arobaini nilianza kulitazama kila nikiingia jikoni. Rukia akaniambia, "Mpe mtu alipeleke. Kwani ndo mara yake ya kwanza kusafiri peke yake?" Nikakataa. Nilimwambia kitu cha watu kilichobaki kwa maiti ni amana, na amana hurudishwa kwa mkono. Hiyo ni kweli, lakini haikuwa kweli yote. Nilikuwa na hamu na mama, hamu ya kuumiza kifua, na nilitaka kupita ile njia aliyokuwa akitusimulia: kutoka Kidoti kwa pwani hadi kuta za kale za Fukuchani, kisha kukata maweni hadi kuta za Mvuleni. Ndiyo njia aliyopita akiwa msichana kwenda kuonana na shoga yake. Tena nilikuwa na hofu. Bakuli lile lilikuwa uzi wa mwisho baina yetu na kule. Nikishalirudisha, Mvuleni itabaki jina tu.

Asubuhi ya safari, shemeji yangu Haji, mume wa Rukia, alikuwa akipeleka mabati Nungwi kwa gari yake. Akanichukua. Bakuli nilikuwa nimelisugua kwa majivu mpaka likang'aa, nikalifunga kwenye kanga ya mama, nikalipakata njia nzima. Tulipopita Mahonda Haji aliniuliza kama nimebeba yai. Nilimwambia atazame mbele, mabati yake yanapiga kelele za kutosha.

Kidoti nilimkuta Makame ananisubiri kando ya barabara. Huyu ni mtu wa makamo, mkulima wa mwani, na siku ambazo maji hayaruhusu kwenda kwenye mwani huwatembeza wageni kwenye magofu. Nilimpata kupitia jamaa wa Haji, aliyemwambia kwamba nitaishia kwa Bi Kazija. Alinitazama mimi, akatazama viatu vyangu, akatazama mzigo wangu.

"Bi Zuhura, mie nimezoea Wazungu," alisema. "Mwenyeji kuja kutazama kuta, wewe wa mwanzo. Kuna nini mjini, kuta zimekwisha?"

"Za mjini zina watu wengi," nilimjibu. "Nnataka za kimya."

"Hizi zimenyamaza hasa. Twende."

Tulishuka pwani. Bahari ilikuwa imetoka kidogo tu, na upande wa pili kisiwa cha Tumbatu kimelala chini, kijani. Tulipita juu ya mchanga mgumu, kisha tukapanda kwenye kijia cha mawe makali yaliyojaa vichaka. Nilijaribu kumwona mama pale, msichana mwembamba mwenye mbio. Sikumwona. Niliyemjua mimi alikuwa mama mnene aliyepanda ngazi za nyumba yetu kwa vituo, akilaumu kila ngazi kwa zamu yake. Nilisikitika kwamba watoto tunawapata wazazi wetu wakiwa wameshachoka. Makame alitembea mbele, akinionyesha kila jiwe la kukanyaga kwa fimbo yake, na mimi nilikanyaga ninapotaka mwenyewe mpaka nilipojikwaa. Baada ya hapo nilimsikiliza.

Fukuchani tulifika jua likiwa limeshapanda. Kuta zinasimama karibu na ufuo, baina ya minazi na vichaka: nyumba ya mawe ya matumbawe, milango yake ya tao bado imara, na kuizunguka kuna ukuta mwingine wa boma. Paa halipo. Ndani mnaota majani na mijusi imeweka makazi. Watu wa huku huziita nyumba za Wareno. Makame alisema hata yeye alilelewa hivyo, lakini wapo wanaosema zilijengwa na Waswahili wenyewe, watu wa hapa hapa. "Mie nachagua hao wa pili," alisema. "Jengo zuri mbona lazima liwe la mgeni?"

Ukuta wa boma una vitundu vidogo vilivyopangwa kwa usawa wa kifua. Makame alisema ni vya kutolea bunduki adui akitokea. Mimi nilivijua kwa habari nyingine. Mama alikuwa akitusimulia kwamba yeye na Kazija walikutana hapa, mmoja akasimama ndani ya ukuta na mwengine nje, wakasemezana kupitia vitundu hivi siri ambazo hazikutaka kusemwa uso kwa uso. Hapo ndipo alipomwambia Kazija kwamba amechumbiwa na mtu wa mjini, mtu ambaye alikuja kuwa baba yetu.

Nilimwomba Makame aniache kidogo. Nikaingia ndani, nikachagua kitundu kimoja, nikatia jicho. Niliona kipande cha bahari na jani la mnazi. Jiwe lilikuwa baridi, kingo zake laini kama zilizoshikwashikwa. Kisha, sijui niliingiwa na nini, nikaweka mdomo pale pale nikaita kwa sauti ya chini, kwa jina lake, jina ambalo sikuwahi kumwita: "Mwanajuma!"

"Naam!" ikajibu sauti nzito nje ya ukuta.

Niliruka nyuma. Alikuwa Makame, amezunguka kutafuta kivuli. Alisikia mtu anaita, akaitika kabla hajafikiri, kama tulivyofunzwa sote. Nilitoka nimekasirika, nimejaa maneno ya kumpa, lakini nilipoona alivyofadhaika nilicheka. Na kile kicheko, katikati yake, kikageuka kilio. Nililia pale jinsi ambavyo sikulia siku ya mazishi. Siku ya mazishi nilikuwa nikihesabu sufuria. Makame alikaa chini, akaichora ardhi kwa fimbo yake, wala hakuniambia ninyamaze, na kwa hilo namshukuru.

Adhuhuri tulikaa kivulini tukala chapati nilizotoka nazo mjini. Nilifungua kanga ili nitandike, na bakuli likaonekana. Makame akalitazama, akatazama ndani yake.

"Hili ndo unampelekea Bi Kazija?"

"Ndiyo. Lake."

"Na kilichomo?"

"Hamna kitu. Amana hurudishwa ilivyo. Nimelisafisha vizuri."

Makame aliacha kutafuna. "Bi Zuhura! Unakwenda kwa mtu mzima na bakuli tupu? Mkono mtupu haulambwi, weye mtoto wa mjini hujui?"

Niliona haya. Mimi, binti wa Mwanajuma, niliyechapwa kwa kurudisha sahani ya jirani bila hata kipande cha mkate! Nilikuwa nimeshughulika na neno amana mpaka nikasahau adabu. Na nadhani najua kwa nini nilisahau. Bakuli tupu ni la kwaheri, na moyoni mwangu nilikuwa nimekwenda kuaga. Nilitazama chapati. Imebaki nusu, tena imeumwa.

"Turudi barabarani tutafute duka," nilisema.

"La nini? Fuu zimewiva huko mbele. Twende, uzichume mwenyewe."

Kutoka Fukuchani tulivuka barabara kuu, tukaingia upande wa maweni. Huku hakuna upepo wa bahari. Njia ni nyembamba, mawe yana meno, na vichaka vinashika nguo kama mdai. Kuta za Mvuleni zilitokea ghafla, zimemezwa na miti, kimya kuliko zile za kwanza. Mizizi imeshuka juu ya ukuta na kuingia kwenye nyufa, na mahali pengine hujui kama mti unashikwa na ukuta au ukuta unashikwa na mti. Wageni wengi hawafiki huku, Makame alisema, hupiga picha za pwani wakarudi zao.

Nyuma ya magofu kuna pango lenye maji matamu, na karibu na pango ulikuwepo mfuu mkubwa. Tunda la fuu ni dogo, jeusi, tamu, na huutia ulimi rangi kwa siku nzima. Nilichuma za matawi ya chini, nyingine nikaziokota chini kwenye majani. Makame alitaka kunisaidia, nikamkataza. Bakuli lilipojaa nilishuka pangoni, nikazisuuza kwa maji yale ya baridi. Mgongo uliniuma, kanga ya mama ililowa, na kwa mara ya kwanza tangu msiba niliona raha.

Alasiri tuliingia kijijini. Nyumba ya Bi Kazija ni ndogo, ya mawe na udongo, ina baraza safi. Makame alipiga hodi, akanitaja, kisha akakaa nje. Bi Kazija alikuwa amekaa juu ya mkeka akisuka ukili wa mkeka mwengine. Ni kizee chembamba, macho yake bado makali.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Sogea nkuone." Alinishika kidevu. "Pua ya Mwanajuma. Mungu amrehemu. Nlitaka kuja kumzika, miguu ikankataa."

Nikamwekea bakuli mbele yake, nikafunua kanga. Akachukua fuu moja, akaitia kinywani, akaisukuma huku na huku kwa fizi zake. Machozi yakamtoka bila sauti.

"Za pangoni?"

"Za pangoni."

"Miaka yote hii naletewa halua," alisema. "Halua nzuri, sikatai. Lakini fuu za pale tulikuwa tukichuma mie na yeye, na tangu alipokwenda mjini hapana mtu alonchumia."

Tulikaa. Aliniuliza mama alikufa vipi, nikamweleza yote, hata yale ambayo Rukia hakutaka yasemwe. Naye akanieleza habari za mama ambazo sitaziandika hapa, kwa sababu ni zangu. Zilipokwisha fuu, nikakusanya nguvu nikasema nililojia.

"Bi, bakuli lako ndo hili. Mama hakupata kulirudisha mwenyewe. Tusamehe."

Alinitazama kwa mshangao. "Langu? Nani kakwambia langu? Hili la mama yako."

"Mama siku zote akisema lako."

"Aa! Kalileta hapa na wali wa nazi, siku alokuja kuniaga anakwenda kuolewa. Nkamrejeshea na pweza. Akaniletea tena na halua, nkamrejeshea tena. Kila mara najiambia, safari hii litakaa kwake, maana ndo lake." Akalishika lile pengo la ukingoni. "Au nimesahau mie. Tulikuwa wasichana."

Tukatazamana. Kumbe miaka yote ile kila mmoja alidhani anamrudishia mwenziwe kilicho chake. Alianza kucheka yeye, nikafuatia.

Kisha akainuka taratibu, kwa kushika ukuta, akaingia jikoni na bakuli. Alirudi nalo limejaa njugu mawe za kuchemsha, bado zina joto.

"Bi, nimekuja kulirudisha," nilisema.

"Ushalirudisha. Na mie nalirejesha."

"Kwa nani? Mama hayupo."

"Mwanajuma hayupo, nyie mpo. Na mara nyengine msimpe mtu. Leteni wenyewe, weye na dada yako."

Magharibi Haji alinichukua barabarani, gari sasa tupu na nyepesi. Nilimuaga Makame, naye akaniombea safari njema na kuniambia nikija tena nivae viatu vya maana. Bakuli lilikuwa mapajani mwangu, zito, na moto wake ulipita kwenye kanga hadi kwenye ngozi. Hamu ya mama haikupungua, nisiwadanganye. Nilidhani nimekwenda kuimaliza, kama mtu anayefunga hesabu ya msiba, nikajua njiani kwamba hamu nayo ni kama kile chombo: hairudishwi ikaisha. Mama aliishi nayo miaka yote kule mjini, na alijua la kuifanya. Aliijaza kitu kizuri, akampelekea mtu.

Mlandege, Rukia alikuwa akinisubiri sebuleni. Aliliona bakuli akashika kiuno.

"Kumbe hukulipeleka?"

"Nimelipeleka," nilimwambia. "Kaa ule."

Tulikaa chini, tukavunja njugu tukala, nami nikamsimulia yote kuanzia kitundu cha ukutani. Alicheka nilipofika kwa Makame kuitika, na alilia pale pale nilipolia mimi. Njugu zikapungua mpaka yale maua ya buluu yakatokea. Rukia akalichukua bakuli, akaenda kulisuuza. Kisha akaniita kutoka jikoni.

"Zuhura! Mama alikuwa akinunua halua duka gani?"