Siku Ambazo Papa Sefu Hakuandika

Iko siku moja ya Bugarama, mwanangu, ambayo sijaisahau hata sasa nimeota mvi. Jua lilikuwa linachoma kama linavyochoma kule bondeni siku zote, wakulima wa mpunga walikuwa wamejaa kwenye ukumbi wa ushirika, na mimi nilisimama mbele yao na karatasi mkononi nikimwita mtu mzima mwongo.

Wewe unanijua kwa kazi ya theluji. Umeziona picha zangu ukutani, vilele vyeupe vilivyopigwa picha na setilaiti kutoka juu kabisa, na umenisikia nikieleza jinsi weupe ule unavyopungua mwaka hadi mwaka na maji yanavyoshuka mitoni. Nimekula mkate wa kazi hiyo mpaka nimestaafu. Lakini adabu yake sikujifunza kwenye theluji. Nilijifunza Bugarama, mahali ambapo hata maji ya mtungi asubuhi yana uvuguvugu.

Nilikuwa nimerudi kutoka masomoni, msichana bado, nina diploma yangu na sauti kubwa. Vita vya kwetu Rwanda vilikuwa vimekwisha na vya Kongo vilikuwa vinaendelea. Ofisini kwetu Kamembe tulikuwa tukisikia mizinga upande wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Kisha kila mtu alirudia kazi yake. Mama yangu mdogo, aliyekuwa akiuza vitenge Bukavu, mara nyingine alilala kwetu Gihundwe wiki nzima akingoja mpaka ufunguliwe. Ndivyo tulivyoishi, na mtu huzoea.

Mradi ulioniajiri ulitaka kutengeneza upya mifereji ya mpunga. Ilibidi kwanza tujue mto huleta maji kiasi gani wakati wa kiangazi. Mimi nilipewa picha za setilaiti za milima ambako mto unaanzia. Pamoja na picha hizo nilipewa madaftari ya Papa Sefu.

Papa Sefu alikuwa Mwislamu wa Bugarama, mkulima, mtu mwembamba asiyesema sana. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kushuka mtoni kila asubuhi baada ya sala, kusoma ubao wenye namba uliosimikwa majini, mto ukishapita mahali mfereji unapochukua maji, na kuandika maji yamefika wapi. Ukisikia hivyo utadhani ni kazi ndogo. Hata mimi nilidhani hivyo.

Nilipoyalinganisha madaftari na picha, mwaka mmoja ulinikatalia. Ulikuwa mwaka ule mbaya wa mauaji. Picha zilionyesha milima mikavu, mvua haba, kwa hiyo mto ulipaswa kuwa chini. Daftari lilisema kiangazi chote maji yalikuwa juu kuliko miaka mingine. Tena, miezi michache kabla ya hapo, palikuwa na siku kumi na moja zisizo na kitu, mistari mitupu. Nikajiambia, huyu mzee hakuwa anakwenda mtoni. Alikaa nyumbani akabuni namba, na siku nyingine hata kubuni kulimshinda.

Kamembe na Bugarama si mbali. Ningeweza kupanda gari la asubuhi nikamuuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini mimi niliona kuuliza ni kazi ya asiye na setilaiti. Nikaandika ripoti kwamba madaftari yale yasitumike. Kisha nikaenda kuisoma mbele ya ushirika.

Papa Sefu alikuwa amekaa mstari wa pili. Nilipomaliza alisimama, akavua kofia yake.

"Umemaliza, maman?"

"Nimemaliza, mzee."

"Ni sawa," akasema, akaketi.

Kazi ya kupima maji alinyang'anywa wiki ileile. Ushirika nao ukamwondoa kwenye kugawa zamu za maji, maana nani atamwachia mwongo maji yake? Ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini wangu siku ile ulivunja jina la mtu.

Miezi ikapita. Siku moja tuliletewa picha zaidi za zamani, nami nikawa natafuta zisizo na mawingu. Nikafungua moja ya kiangazi cha mwaka ule. Safari hii picha ilishika mpaka bondeni, na kwa mara ya kwanza nikaitazama Bugarama yenyewe. Mpunga uliojaa maji una rangi yake kwenye picha, huwezi kuukosa. Haukuwapo. Bonde zima lilikuwa kavu, na hapakuwa na shamba hata moja lenye maji.

Nikazirudia picha nilizozitumia mwanzo. Nilikuwa nimeutazama mlima tu nikaacha kutazama bonde. Mashamba yalikuwa yameachwa kwa sababu watu walikuwa wamekimbia. Kama hakuna anayelima, hakuna anayeufungulia mfereji maji, na yote hubaki mtoni yakapita mbele ya ubao wa Papa Sefu. Mvua ilikuwa haba, na bado maji pale yalikuwa juu. Mzee alikuwa ameandika alichokiona.

Kesho yake nilidandia lori la kinu cha mpunga nikashuka Bugarama. Nilimkuta nyumbani. Mkewe, Maman Zaina, alinipokea kama mgeni yeyote, akaniwekea wali na sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu. Nikamweleza mzee nilichokiona kwenye picha.

"Njo vile," akasema. "Batu bote balikimbilia Kongo. Mi nilibakia sababu mama yangu alikuwa mugonjwa, hakuweza kutembea. Hakukuwa mutu wa kukamata mayi. Ikabakia yote mu mto. Mi nikaona, nikaandika."

"Mbona siku ile hukusema, mzee?"

"Hukuniuliza. Ulisema tu."

Nikamwuliza basi zile siku kumi na moja. Maman Zaina aliinuka akatoka nje.

"Ile siku nilishuka kila asubuyi," akasema. "Lakini mu mto haikukuwa mayi tu, maman. Nilishindwa kuangalia namba. Na kitu sijaangalia, siandikake."

Sisi wa upande huu tunajua mito ilibeba nini miezi ile. Nilielewa jambo lililopaswa kunifumbua macho tangu mwanzo: mwongo hujaza kila mstari. Mistari ile mitupu, niliyoifanya ushahidi dhidi yake, ndiyo iliyoonyesha kwamba mtu huyu hawezi kudanganya.

Nikapiga magoti palepale nikamwomba msamaha. Aliniacha nimalize. Kisha akanikaripia, kwa sauti ya chini, na karipio lile ndilo nililokuja kukupa leo.

"Ile neno ulisemea mu koperative, mbele ya batu. Sasa unakuja kuifutia mu nyumba yangu? Hapa hakuna mutu aliisikia."

Wiki iliyofuata nikasimama tena kwenye ukumbi uleule. Nikasema, Papa Sefu aliandika kweli, mimi ndiye niliyekosea, na nikaeleza nilivyokosea. Wengine walicheka. Mkulima mmoja akauliza, "Basi ile mashine yako ya ku mbingu ilidanganya?" Nikamjibu kwamba haikudanganya, mimi ndiye niliyeitazama nusu. Papa Sefu alisikiliza na kofia yake magotini. Mwishoni alikuja akanipa mkono mbele ya wote.

Mkuu wangu hakufurahi, kwa sababu ripoti ilikuwa imekwisha kwenda Kigali. Nafasi ya kwenda kusomea theluji, niliyokuwa nimeahidiwa, akapewa mwenzangu, nami nikangoja miaka miwili. Sitakudanganya kwamba haikuniuma. Lakini mifereji ilichimbwa kwa namba za madaftari yale, na mzee alirudi mtoni, akapima mpaka macho yalipochoka, kisha binti yake Zaina akaendelea. Wanyarwanda tuna neno letu: ukweli hupita motoni usiungue. Mimi naongeza kwamba aliyeutupa motoni huungua yeye.

Miaka mingi baadaye, picha ilinionyesha mteremko wa Rwenzori umekuwa mweupe ndani ya mwezi mmoja. Nilikuwa tayari kuandika kwamba theluji imeongezeka. Nikasimama kwanza, nikamtafuta mpagazi aliyekuwa amepandisha mizigo mlimani siku zilezile. Akaniambia, "Ile ya asubuhi tu, mama. Saa sita haiko." Nikafuta sentensi yangu kabla haijamfikia mtu.

Mwanangu, wewe unaingia kwenye kazi ya vyombo vinavyoona mbali kuliko vyetu. Vitumie, usiviogope. Lakini kabla ya kuandika kwamba mtu amesema uongo, nenda ukamuulize aliona nini. Usilolijua, acha mstari wake mtupu. Hakuna aibu ndani yake. Ukikosea, na utakosea, kalifute kosa palepale ulipolitenda, mbele ya walewale waliokusikia, hata kama utapoteza nafasi uliyoingoja. Nafasi nyingine huja. Jina la mtu ukilivunja bila kulirekebisha, maji yamemwagika na hayazoleki.

Mungu akuzidishie kuona, akupunguzie haraka. Akupe wenzako wasiojua kubuni, na moyo wa kuwasikiliza. Popote utakapopeleka kalamu yako, watu wa pale wakubariki kwa ulichokiandika. Nenda salama, mwanangu.