Injini Aliyoipitisha Sikio

Pale gereji jina lake halisi lilishasahaulika. Hata mama mkwe wake alimwita Sikio, na jina lenyewe alilipata kwa haki. Mafundi wenzake walianza kazi kwa kufungua nati. Yeye alianza kwa kusikiliza. Aliegemeza ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini inayounguruma, mpini akaubana kwenye sikio la kulia, akafumba macho, kisha akataja ugonjwa. Beringi ya alteneta. Valvu zimelegea. Alikuwa na maringo kidogo, tuseme ukweli. Wateja walisogea karibu kumwangalia, na mtu akizoea kuangaliwa namna hiyo hata kukohoa anakohoa kwa madaha.

Injini aliyoijua kuliko zote ni ile ndogo ya petroli, ya silinda nne, inayofungwa kwenye magari ya familia. Aliisifia kama mshenga anayepeleka posa: haina makuu, hainywi mafuta, ni nyepesi, na badala ya mkanda ina cheni ya kuzungushia valvu. Halafu, kama mshenga mwenye kumwogopa Mungu, alitaja na tabia zake mbaya. Pampu ya maji huvuja taratibu. Koili za plagi hufa moja baada ya nyingine, gari likaanza kutetemeka likiwa limesimama. Ikizeeka hula oili kimyakimya. Na kubwa kuliko yote ni ile cheni. Ikilegea hukwaruza asubuhi, injini ikiwa baridi, kabla oili haijapanda kuikaza. Ni sekunde chache tu, kisha inanyamaza.

"Usipoileta hapa inapokwaruza," aliwaambia wateja, "utaileta inavutwa kwa kamba."

Dada yake mkubwa, mshonaji wa nguo, alipopata gari la kununua, lenye injini hiyohiyo, hakutaka fundi mwingine. Sikio akafanya kila kitu kama inavyotakiwa. Alikwenda asubuhi, akagusa boneti kuhakikisha muuzaji hajaipasha moto injini, akaweka bisibisi yake, akaamuru iwashwe. Akasikia mngurumo laini, mtamu.

"Mdogo wangu," dada yake alisema, "mbona kama kuna kitu kinakwaruza? Kama kijiko kwenye kikombe cha bati."

Sikio hata macho hakufumbua. "Wewe shona, dada. Injini niachie mimi."

Mume wa dada, karani wa bohari, mtu mpole asiyejua kubishana, akacheka. Dada akacheka pia. Gari likanunuliwa.

Sasa hapa ndipo pabaya. Muda mrefu kabla ya asubuhi hiyo, Sikio alikuwa ameanza kupokea simu kwa sikio la kushoto. La kulia lilikuwa limefifia, baada ya miaka mingi ya nyundo na mashine za kukatia vyuma. Alijiambia ni nta. Akaliosha kwa maji ya vuguvugu, halikubadilika, akajitia hamnazo. Angemwambia nani? Fundi Sikio hasikii! Wangecheka mpaka wakae chini.

Gari likadumu miezi kadhaa, kisha likafa kwenye mteremko, asubuhi, dada akiwa kwenye usukani na watoto wake wawili wakiwa kiti cha nyuma wamevaa sare za shule. Injini ilizimika ghafla, usukani ukawa mzito, breki zikawa ngumu, na lori lililokuwa nyuma yao likasimama karibu kiasi kwamba dada aliona kioo chote cha nyuma kimejaa chuma. Hakuna aliyeumia. Lakini mtoto mdogo alilowanisha sare yake, na tangu siku hiyo akawa anataka kwenda shule kwa miguu.

Sikio alipofungua injini alikuta cheni imeruka meno, pistoni zimezigonga valvu na kuzipinda. Chini, kwenye sampu, lile bakuli la kukusanyia oili, akaokota vipande vya zile reli za plastiki zinazoiongoza cheni. Vilikuwa vyeusi, vimesuguliwa kingo zote hadi vikawa laini. Vitu hivyo havikuvunjika jana wala juzi. Vilikuwa humo tangu asubuhi ile aliyofumba macho.

Shemeji yake alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma kama aliyeitwa na mkuu wa kazi.

"Ni ile oili, siyo?" aliuliza. "Nilichelewa kubadilisha. Dada yako alinikumbusha, nikasema kesho, kesho."

Sikio alivifumbata vile vipande. "Oili ni kitu muhimu, shemeji," alisema.

Uongo haukuwamo katika maneno hayo, na ndiyo maana yalimkaa kooni siku nzima. Alikuwa amemtwisha mtu mzigo wake mwenyewe, tena mtu aliyeupokea kwa adabu.

Jioni alikwenda nyumbani kwa dada yake. Mashine ya kushonea ilikuwa kimya, dada anakunja vitambaa bila kumtazama mumewe. Mtoto mkubwa alimkimbilia mjomba wake mlangoni.

"Mjomba, baba aliua gari. Mama amesema angetuua na sisi."

Shemeji aliinamisha kichwa, akaendelea kufunga kamba ya kiatu cha mtoto, kamba ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Sikio aliona aibu. Akavitoa vile vipande mfukoni, akavimwaga mezani kati ya vitambaa.

"Dada, mwache mwenzio. Siyo oili. Cheni ilikuwa mbovu tangu siku ya kununua. Wewe ulisikia, mimi sikusikia. Sikio hili limekufa, na nilikuwa najua."

Dada alichukua kipande kimoja, akakipitisha kati ya vidole vyake vya ushonaji, mbele na nyuma.

"Nilikuwa nakisikia kila asubuhi," alisema mwishowe. "Nikawa najiambia, mdogo wangu amesema gari ni zima. Nikawapakia watoto."

Kisha akamgeukia mumewe, akashindwa pa kuanzia.

Sikio aliijenga upya injini ile kwa mikono yake: valvu mpya, cheni mpya, reli mpya. Asubuhi ya kulichukua gari, likiwa limelala baridi uani, alifuta mpini wa bisibisi akampa dada yake.

"Weka ncha hapa. Sikiliza wewe."

Akawasha. Dada alifumba macho, hakuwa na haraka.

"Ni kama cherehani iliyotiwa mafuta," alisema.

"Hakuna kijiko?"

"Hakuna kijiko."

Ilibidi amwamini dada yake, kama dada yake alivyomwamini yeye. Watoto wakapanda nyuma, mdogo akiwa wa mwisho, ameng'ang'ania shati la baba yake. Sikio akabaki ameshika mlango.

"Funga, mdogo wangu," dada alisema akiwa upande wake wa kulia, na ikabidi arudie.