Keke Iliyoganda kwa Baridi

Tangu baridi ya Juni iingie, Constantin hakutulia mahali. Aliingia katika karakana yake ya useremala nyuma ya nyumba, kule mtaani Panda, akaitungua keke ya mkono, ile ya kutobolea mbao, kutoka msumarini, akaizungusha kidogo, akaitundika tena. Akatoka uani, akarudi, akaishika upya, kama mtu anayepapasa jino linalomuuma.

Keke ilikuwa nzito. Zamani mpini wake ulikwenda kama unajipeleka wenyewe. Sasa bega liliwaka moto kabla ubao haujatoboka. Umeme haukuwa wa kutegemea, hivyo keke hiyo ndiyo iliyomlisha. Mkono ukiisha, fundi naye ameisha. Hilo hakumwambia hata mkewe, Berthe.

Mtoto wao Patrice alikuwa amepiga simu kutoka Lubumbashi: “Papa, kuya upumuzike. Chumba iko.” Constantin aliahidi kumjibu Jumamosi. Jumamosi ikafika, na kabla hajapiga simu jirani yake Banza akachungulia, akimwita mzee kwa Kifaransa kama kawaida yake.

“Vieux, mulango yangu iko wapi? Minye nalala na kabati mu mulango, sababu ya bezi, basiniibie!”

“Kesho.”

“Kesho yako inazeekaka, Vieux.”

Banza akaenda zake akicheka. Constantin hakucheka. Aliutazama ule mlango uliolala juu ya meza bila bawaba, na moyo wake ukakata shauri: atakwenda Lubumbashi. Keke atamwachia Banza. Lakini chombo kichafu hakiachiwi mtu.

Akatandika gunia juani, akalegeza skrubu, akalichomoa gurudumu lenye meno. Hapo mikono ikasimama. Kati ya meno palikuwa na utando mzito, wa rangi ya machungwa, umeshikamana na vumbi la mbao. Akaukwangua kwa ukucha, akaunusa. Ulinukia jikoni.

“Mama Patrice!”

Berthe akatokea mlangoni, mwiko mkononi.

“Uliweka nini mu keke yangu?”

“Mafuta. Ile wakati ya joto ilikuwa inalia kama mutoto ya njaa. Nikaihurumia.”

“Mafuta gani?”

“Ya ngazi, Baba Patrice. Ile ya kupikia majani ya sombe. Weye mwenyewe unasemaka hakuna mafuta inaishinda.”

Wakati wa joto mafuta ya mawese yalikuwa maji. Juni ilipokuja yaliganda mle ndani, kama yalivyoganda ndani ya chupa yake kwenye rafu ya jikoni. Na mwenye keke alikuwa akiomboleza bega lake!

Constantin aliinama tena juu ya gunia. Alimimina mafuta ya taa katika kopo, akatumbukiza gurudumu, akasugua jino baada ya jino kwa mswaki mkuukuu. Akaisafisha mihimili, akayasugua mataya yanayoshika ncha ya chuma, akafuta kila kitu kwa kitambaa hadi kitambaa kikatoka safi. Kisha akatia mafuta ya cherehani, tone hapa, tone pale, akapaka grisi kidogo kwenye meno, akafuta ya ziada yasije yakaita vumbi.

Akaogopa kujaribu. Alilirudisha gurudumu, akafunga skrubu, akailegeza, akaifunga tena. Mwishowe akaikandamiza ncha ya chuma juu ya mlango wa Banza, akazungusha.

Mpini ukaenda. Maranda yakapanda kwa nyuzi ndogo nyeupe. Bega lilimuuma bado, maumivu yale ya kizee anayoyafahamu, lakini ubao ulitoboka.

Simu ikalia. Berthe akaileta. “Ni Patrice. Anataka jibu yake.”

“Umuambie minye iko na kazi.”

“Umuambie mwenyewe.”

Akaibana simu kati ya sikio na bega lile lile, mikono ikizidi kuzungusha. “Patrice? Chumba ile, weka vitu ingine. Tutakuya Noeli, kutembea tu.” Akamkazia macho mkewe. “Na weye, mafuta ya ngazi ikae kwa sombe.”

“Na ikilia tena?”

“Uniite.”

Jioni, kabla Berthe hajapakua, Constantin alikuwa ameshaubeba mlango kichwani, nusu akitembea, nusu akikimbia, akimwita Banza kwa sauti aje aondoe kabati lake.